Namna ya Kuchagua Simu au Kishikwambi Kinachofaa Kazi Yako Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayekwenda kununua simu Mwanjelwa, Miyomboni au Makambako bila kujua ataitumia wapi na kwa kazi gani, mara nyingi huondoka na ile ambayo muuzaji alitaka iondoke dukani siku hiyo. Uamuzi mkubwa hufanyika nyumbani, kabla fedha hazijatoka mfukoni, kwa kujibu maswali matatu: kifaa hiki kitashinda wapi mchana, kitachajiwa na nini usiku, na ni kazi gani ambayo ikishindikana siku nzima itakuwa imeharibika. Mkulima wa viazi wa Uporoto, mchuma chai wa Mufindi, dereva wa lori anayelala Tunduma na mwalimu wa sekondari wa Makete watayajibu maswali hayo kila mmoja kwa namna yake, na hivyo hawapaswi kununua kifaa cha aina moja hata kama wote wana kiasi kilekile cha fedha. Ninashauri uangalie mtandao kwanza, chaji pili, aina ya kifaa tatu, na zile sifa zinazoandikwa kwenye boksi uziache mwisho, kwa kuwa hazina msaada wowote kwenye simu isiyoshika mtandao au inayozima saa nane mchana.

Mtandao wa pale utakaposhinda

Milima ina tabia yake. Kijiji kilicho juu ya mgongo wa mlima kinaweza kushika mnara ulio mbali sana, wakati kijiji jirani kilichojificha bondeni, kilomita chache tu kutoka hapo, kinakosa mtandao kabisa. Wakazi wa mabonde ya Makete na Ludewa, na wa Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, wanalifahamu jambo hili. Kwa sababu hiyo, chagua laini kabla ya kuchagua simu, wala usichague laini kwa bei ya bando peke yake. Waulize majirani na mawakala wa huduma za fedha wa hapo kijijini ni mtandao upi kati ya Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Tigo, unaoshika vizuri nyakati zote, na ni upi unaopotea mvua kubwa inaponyesha au umeme unapokatika.

Ukipata simu janja ya kuazima, unaweza kupima mwenyewe. Fungua mipangilio, ingia kwenye taarifa za simu, kisha tafuta hali ya laini. Humo kuna namba yenye alama ya kutoa mbele yake, ikifuatiwa na herufi dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ikisomeka -85 au karibu na hapo, mtandao ni mzuri, na ikifika -110 mtandao ni dhaifu. Simu iliyo katika mtandao dhaifu hutumia nguvu nyingi kuwasiliana na mnara, na hii ndiyo sababu simu inayokaa na chaji siku nzima mjini Iringa huisha chaji adhuhuri ikipelekwa kijijini. Pima ndani ya nyumba, pima shambani, pima na pale unapopangia mizigo, kwa maana ukuta mnene na paa la bati vinaweza kuondoa sehemu kubwa ya mawimbi.

Hapa ndipo aina ya simu inapoanza kuhusika. Mawimbi ya masafa ya chini, kama vile ya megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na hupenya vizuizi vizuri zaidi kuliko ya megahezi 1800 au 2600, ambayo hufaa zaidi mijini penye minara iliyokaribiana. Simu za mitumba zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au Japani wakati mwingine hazina baadhi ya masafa yanayotumika kwetu, na mwenye simu hugundua kasoro hiyo akiwa amekwisha kulipa: 4G inashika vizuri Mbeya mjini, lakini akifika kijijini simu inaandika E, yaani intaneti ya polepole ya 2G, huku ya jirani yenye laini ya kampuni hiyohiyo ikiendelea na 4G. Kabla ya kununua simu ya namna hiyo, tafuta orodha ya bendi zake, yaani mafungu ya masafa inayoyashika, kwa kutumia namba kamili ya modeli, kisha uangalie kama ina bendi 28, 20, 8 na 3, ambazo kwa mpangilio huo ni za megahezi 700, 800, 900 na 1800. Hakikisha pia kwamba haijafungwa kwa kampuni ya nje, kwa kuweka laini yako na kupiga simu palepale dukani.

Kuhusu 5G, ambayo Vodacom iliizindua nchini mwaka 2022, ushauri wangu ni mfupi: kama maisha yako yako kijijini, usiongeze hata shilingi moja kwa ajili yake. Fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye betri.

Wanaoishi mpakani wana jambo la ziada. Tunduma na Kasumulu, simu iliyoachwa ijichagulie mtandao huweza kudaka mnara wa Zambia au wa Malawi, na mwenye simu akajikuta anatozwa gharama za kutumia mtandao wa nje ilhali hajavuka mpaka. Simu yoyote utakayochagua huko inapaswa kukuruhusu kuchagua mtandao kwa mkono na kuzima data ya ng'ambo, na iwe na nafasi mbili za laini zilizo kamili. Nasema zilizo kamili kwa sababu simu nyingi zinazotangazwa kuwa za laini mbili zina nafasi ya pili ambayo hupokea ama laini ama memori kadi, si vyote viwili. Toa kile kijitreya cha laini ukitazame mwenyewe, uhesabu nafasi tatu.

Chaji, baridi na mvua

Ukubwa wa betri huandikwa kwa mAh, na simu janja nyingi za sasa zina 5,000. Kwa mwenye umeme wa uhakika, hizo zinatosha. Kwa anayetegemea sola, inafaa kupiga hesabu kidogo. Betri ya 5,000 mAh yenye volti 3.85 hubeba takriban wati-saa 19; paneli ya wati 10, ikiwa juani kikamilifu na ukitoa kinachopotea njiani, itachukua saa tatu hadi nne za jua zuri kuijaza. Jua la namna hiyo ni la kawaida Usangu mwezi wa Septemba, lakini Tukuyu katika miezi ya mvua linaweza kukosekana siku kadhaa mfululizo. Pawabenki husaidia, ila isihesabiwe kwa namba iliyo juu yake: ya 10,000 mAh hutoa kama theluthi mbili tu ya kiasi hicho baada ya volti kubadilishwa, kwa hiyo itaijaza simu ya 5,000 mara moja na sehemu kidogo. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, ambacho betri yake mara nyingi ni ya mAh 1,000 hadi 2,500 na kioo chake ni kidogo, hukaa siku kadhaa bila kuchajiwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayokifanya kiendelee kuheshimika vijijini.

Baridi ya huku nayo ni jambo la kupangia. Betri za lithiamu hupungukiwa uwezo kwenye baridi, na zikichajiwa wakati joto lake liko chini ya nyuzi sifuri huharibika kwa namna isiyorekebishika. Kitulo na maeneo ya juu ya Njombe hupata sakitu, yaani umande ulioganda, mwezi wa Juni na Julai. Simu iliyolazwa dirishani au kwenye tangi la pikipiki alfajiri ya namna hiyo inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30, hasa kama betri yake imechoka. Dawa ni kuiweka mfuko wa ndani ya koti, na kutoichomeka kwenye chaja mpaka ipate joto la kawaida. Ukiingia nayo jikoni penye moto na mvuke, iache mfukoni kwa muda, kwa sababu unyevu hujikusanya juu ya kitu cha baridi na unaweza kuingia hadi ndani.

Kwa upande wa mvua, tafuta herufi IP zinazofuatiwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili huhusu maji. IP54 inamaanisha kwamba kifaa kinahimili marasharasha, na IP67 kwamba kinaweza kuzama kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye kina cha mita moja kwa dakika 30. Kinga hiyo hupungua kadiri simu inavyozeeka, na hutoweka pale fundi anapofungua simu bila kuirudishia gundi yake. Kwa mchuma chai au mpanda mpunga wa Ubaruku, simu ya kawaida iliyofungwa kwenye mfuko mzuri wa plastiki ina nafuu kuliko simu ya gharama iliyonunuliwa kwa sababu ya herufi hizo.

Kifaa kipi kwa kazi ipi

Kama kazi zako ni kupiga na kupokea simu, ujumbe mfupi na fedha za mtandao, kitochi kinatosha. M-Pesa kupitia *150*00# na huduma kama hizo za mitandao mingine hazihitaji intaneti wala kioo kikubwa. Kwa mzazi ambaye macho yamepungua nguvu, tafuta kitochi chenye vitufe vikubwa, maandishi yanayoweza kukuzwa na sauti ya juu, kisha mpe akishike mwenyewe, abonyeze namba na asikilize, kabla hujakilipia. Ukiweza, chukua chenye 4G, kwa kuwa simu zinazopigwa kwa 4G husikika vizuri zaidi pale mtandao unapoziruhusu. Angalizo moja: vitochi vyenye mfumo wa KaiOS viliuzwa sana kwa sababu vilikuwa na WhatsApp, lakini tangu katikati ya mwaka 2024 programu hiyo haipakuliwi tena kwenye mfumo huo. Muuzaji anayekuahidi WhatsApp kwenye kitochi, mwambie aifungue mbele yako.

Simu janja inakuwa ya lazima pale kazi inapodai picha, ramani, makundi ya WhatsApp au programu za benki. Mkulima wa viazi anayetaka kumwonyesha afisa ugani jani lenye dalili za ugonjwa wa bakajani chelewa anahitaji kamera inayolenga kitu cha karibu kwa usahihi, na wingi wa megapikseli haumhakikishii hilo. Simu nyingi za bei ya chini huongezewa kamera ya pili ya megapikseli 2 inayoitwa ya karibu, ambayo hutoa picha hafifu, na kamera yake kubwa ndiyo hufanya kazi nzuri zaidi. Jaribio lake ni jepesi: beba jani mfukoni, lishike sentimita kumi hivi kutoka kwenye kamera, gusa kioo juu ya jani, piga picha, kisha ikuze mpaka uone mishipa yake. Isipoonekana, rudisha simu hiyo. Kuna pia programu zinazofanya kazi bila intaneti, kama Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa kutambua magonjwa ya mihogo na uharibifu wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, ambayo ina lugha ya Kiswahili. Kwa programu za namna hiyo, kamera mbaya huleta jibu baya.

Kwa watu wengi wa huku, hasa wanaofanya biashara ya mazao, naona mpangilio unaofaa zaidi ni kuwa na vifaa viwili: kitochi chenye laini ya fedha na ya kupokelea simu, ambacho hakikosi chaji, na simu janja ya kiasi inayowashwa data inapohitajika. Simu janja ikiibwa kwenye basi, au ikivunjika kioo wakati wa kushusha magunia, mteja wa Dar es Salaam bado anakupata na fedha zako bado ziko mkononi mwako.

Kishikwambi ni kifaa cha kusoma na kuandika. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 baadaye viligawiwa kwa walimu, na wengi tulijionea pale kwamba kioo cha inchi 8 au 10 hurahisisha sana kusoma vitabu, kujaza fomu na kutunza kumbukumbu. Karani wa chama cha ushirika cha msingi anayepokea kahawa Mbozi, au mtafiti anayejaza madodoso kwa programu ya KoboCollect bila mtandao, atafanya kazi kwa haraka na kwa makosa machache kuliko akitumia simu. Kabla ya kulipa, uliza kama kina nafasi ya laini, kwa sababu vingi hutegemea Wi-Fi tu na havina faida kubwa mahali pasipo na Wi-Fi, na uliza kama kina GPS, yaani uwezo wa kuonyesha mahali kilipo kwa satelaiti, kwani vingine havina.

Wapimaji wa mashamba na mabwana miti wana kifaa chao, yaani GPS ya mkononi yenye vitufe na betri za kubadilisha. Simu nzuri mahali pa wazi hukosea kwa mita tano hivi, na chini ya miti iliyosongamana, kama misonobari ya Sao Hill, kosa huongezeka. Mita tano si nyingi unapotafuta njia, ila ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, na kwa shamba dogo kosa la namna hiyo hubadilisha ukubwa wake waziwazi. Kwa makadirio ya mbegu na mbolea, simu inatosha. Kwa mipaka yenye mgogoro, hakuna kifaa cha mkononi cha kawaida kinachochukua nafasi ya mpima ardhi aliyesajiliwa.

Namba za kwenye boksi

RAM, yaani memori ambayo simu huitumia inapoendesha programu, ndiyo namba inayopotoshwa kuliko zote. Boksi likiandika 8GB, soma maandishi madogo. Mara nyingi ni 4GB halisi pamoja na 4GB zilizoazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia, ambazo ni za polepole mno kulinganishwa na zile halisi. Kwa WhatsApp, ramani na benki, 4GB halisi ndicho kiwango ambacho nisingeshauri mtu ashuke chini yake akiwa na uwezo. Kwa nafasi ya kuhifadhia, 64GB ndiyo pa kuanzia, kwa sababu kwenye 32GB mfumo wenyewe na programu zake hula sehemu kubwa, na picha za makundi humaliza iliyobaki ndani ya miezi michache.

Uliza pia toleo la Android na muda ambao mtengenezaji ameahidi masasisho ya usalama. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5, na programu za benki hudai matoleo mapya zaidi ya hapo. Kihisi cha alama ya kidole kisikushawishi sana kama kazi yako ni jembe, kwa kuwa vidole vilivyosuguliwa na udongo na chai mara nyingi havisomeki. Namba ya siri haikatai. Mwangaza wa kioo, kwa upande mwingine, ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: toka na simu nje ya duka, simama juani, uone kama unasoma ujumbe bila kuufunika kwa kiganja.

Vipuri navyo ni sifa ya simu. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, pamoja na Samsung za bei ya kati, zimeenea kiasi kwamba fundi wa wilayani humudu kuzipatia kioo au betri. Muulize fundi wako, kabla ya kununua, bei ya kioo cha modeli uliyoikusudia na itachukua siku ngapi kufika. Kama jibu ni kwamba kitaagizwa Dar es Salaam, hiyo ni sehemu ya bei ya simu.

Siku ya kununua

Bonyeza *#06# na ulinganishe tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, zinazotokea na zile za kwenye boksi, kisha tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inayoonyesha modeli halisi ya kifaa. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na jibu lisilolingana na unachokishika mkononi ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Kwa simu iliyokwishatumika, hakikisha mwenyewe ameondoa akaunti yake ya Google au ya Apple mbele yako, na simu imefutwa na kuwashwa upya bila kudai nywila ya mtu mwingine. Pitisha kidole pembezoni mwa mfuniko wa nyuma. Ukihisi umetuna, betri imevimba na simu hiyo ni hatari.

Ukichukua kwa kulipa kidogo kidogo, jumlisha. Tuseme kianzio ni shilingi 70,000 na malipo ni shilingi 1,500 kila siku kwa mwaka mzima: utakuwa umelipa shilingi 617,500. Linganisha kiasi hicho na bei ya taslimu ya simu hiyohiyo, na ukumbuke kwamba simu za mpango huo hujifunga malipo yanapochelewa, jambo linaloweza kutokea katika miezi ile ambayo mkulima hana zao la kuuza. Mwenye kipato cha msimu ni bora asubiri mavuno, au anunue kitochi sasa.

Dai risiti ya EFD, soma muda wa waranti na uulize itashughulikiwa mji gani. Andika IMEI mahali pengine mbali na simu, nyuma ya daftari au kwenye simu ya mwenzi wako, kwa sababu ikiibwa polisi na mtandao wako watakuuliza namba hiyo. Kisha, katika siku chache za mwanzo ambazo duka bado linakubali kubadilisha, ipeleke simu shambani, ichaji kwa sola yako, ipige kutoka bondeni, na iache iwake usiku kucha uone asubuhi imebakiza asilimia ngapi.